Koki ya Mama Kochi

Mjomba wangu, kaka wa mama, alikuwa fundi makochi. Nasema makochi kwa sababu ndivyo kibao cha karakana yake kilivyoandikwa, lakini alishona chochote kinachojazwa kitu ndani: viti vya ofisi, viti vya pikipiki, magodoro, vitanda vya kupimia wagonjwa, na mwisho wa yote akashona mwanamke.

Mwanamke huyo bado yupo. Nilimwona mwezi uliopita katika chuo cha wakunga, amelala chali kwenye kitanda cha chuma, magoti yamekunjwa, tumbo limetulia. Amebadilishwa ngozi mara kadhaa, na mguu mmoja haufanani rangi na mwenzake. Nilipoinama karibu naye nikasikia harufu ya gundi, na harufu ile ikanirudisha karakanani kana kwamba sikuwahi kuondoka. Watu wengi huukumbuka ujana wao kwa muziki. Mimi naukumbuka wangu kwa gundi.

Nilikuwa nimetoka chuo cha ualimu, nimepangiwa shule ya msingi karibu na kwa mjomba, nikapewa chumba cha uani nyumbani kwake. Karakana ilikuwa mbele ya nyumba, inatazama barabara. Jioni, nikimaliza kusahihisha madaftari, nilikaa huko juu ya marobota ya sponji na kumtazama akifanya kazi. Alikuwa mtu mfupi mwenye kifua kipana, na daima alikuwa na misumari midogo mdomoni, ameibana kwa midomo upande wa kushoto. Alizungumza kwa upande wa kulia. Wateja wageni walidhani ana jino linalomsumbua.

Chini ya kila kochi alilolitengeneza, mahali ambapo hakuna mtu angeinama kutazama, alishona zipu. Mteja alipokuja kuchukua kochi lake, mjomba alilipindua miguu juu, akasema, "Fungua." Mteja alifungua na kuona kilichomo: sponji, springi, kamba. Ndipo mjomba alipolirudisha na kumruhusu alikalie. Mtaa mzima ulimwita Mzee Zipu.

"Mzee Zipu, unawafundisha wateja ubaya," fundi mmoja jirani alimwambia nikiwepo. "Kesho watataka kutufungua na sisi."

"Wewe ukifunguliwa yatatoka matambara," mjomba akamjibu, na hakuna msumari ulioanguka.

Hakuwa anatania sana. Hata wakati ule walikuwepo mafundi waliojaza makochi kwa matambara na maboksi yaliyochanwachanwa, wakaweka sponji nyembamba juu, kisha kitambaa cha kumeremeta. Kochi la namna hiyo likiwa jipya ni zuri kuliko la fundi mwaminifu. Sijui dhambi nyepesi kuitenda kuliko hii ya kuficha uchafu ndani ya kitu kilichoshonwa vizuri, na siku hizi naiona hata mahali pasipo na makochi: kwenye vyeti, kwenye hotuba, kwenye majengo yanayopakwa rangi kabla nyufa hazijazibwa.

Sista alikuja karakanani kwa ajili ya kitanda cha kupimia kilichochanika. Alikuwa mkunga na mwalimu wa wakunga, mwanamke mrefu asiyecheka ovyo, mwenye kucha zilizokatwa hadi mwisho. Kitanda kilipokuwa tayari alikipindua mwenyewe kabla hajaambiwa, akaiona zipu, akaifungua, akaingiza mkono mzima hadi kwenye kiwiko. Alikaa hivyo kwa muda huku anapapasa.

"Fundi," akasema, "unaweza kunishonea tumbo?"

Mjomba alitoa misumari mdomoni. Hilo lilikuwa jambo la nadra.

Sista akaeleza. Wanafunzi wake walikuwa wanajifunzia kwa akina mama wanaojifungua. Msichana ambaye hajawahi kushika kitu alipelekwa wodini, akawekwa mbele ya mama mwenye uchungu, akaambiwa tazama, na kesho yake akaambiwa fanya. Chuo kiliwahi kupewa msaada wa mwanasesere mmoja wa kuzalisha kutoka nje. Mkuu wa chuo alimfungia kabatini asiharibike, naye akaharibikia humo humo kabatini, mpira wa tumbo ukapasuka kwa kukaa tu. Kununua mwingine ilikuwa ni ndoto. Mkuu wa chuo alipoonyeshwa bei yake alicheka mpaka akavua miwani.

"Mimi najua mama anavyokaa ndani," Sista akasema. "Wewe unajua kushona vya ndani. Tukiungana, labda tutapata mtu."

"Mimi ni mwanamume, Sista."

"Nimeona. Sikukuomba uzae."

Ndivyo kazi ilivyoanza, na haikuanza vizuri. Tumbo la kwanza lilikuwa zuri mno. Mjomba alilijaza sponji bora, akalivika ngozi ya plastiki ya kahawia bila kunyanzi hata moja, akasimama pembeni anasubiri sifa. Sista akalikandamiza kwa ngumi, ngumi ikarushwa juu.

"Hili ni kochi la sebuleni," akasema. "Wakalie wageni. Tumbo la aliyejifungua sasa hivi ni kama mkate uliolowa, halafu likikazwa ndipo liwe gumu. Nataka kitu kinachobadilika nikiwa nimekishika."

Mjomba alinuna siku nzima. Halafu akaenda kununua mpira wa miguu, akautoa ule mpira wa ndani, akauunganisha na kile kipampu cha mkononi cha mashine ya presha. Ukiuacha, tumbo linalegea. Ukipampu, linakaza. Alimwita Sista, na safari hii ngumi ilizama.

Jambo la shingo lilituvunja mbavu kwa miaka. Sista alikuwa na haraka siku hiyo, akasimama barabarani, akaita kutoka mlangoni, "Fundi, usisahau shingo! Nataka shingo inayofunguka kidogo kidogo." Mjomba akaitikia. Alikesha akifikiri, maana ni shingo gani ya nguo inayofunguka kidogo kidogo? Mwisho akaamua. Sista alipokuja tena alimkuta mwanasesere wetu, ambaye sasa alikuwa na kichwa na miguu, amepewa kola, na chini ya kidevu ameshonewa zipu nadhifu ya shaba.

"Hii nini?"

"Shingo. Inafunguka kidogo kidogo, kadiri utakavyo."

Sista aliitazama zipu. Akamtazama mjomba. Mkazamjomba, yaani mke wa mjomba, ambaye alikuwa ameleta chai, aliweka sinia chini polepole kwa sababu alikwisha kuelewa.

"Baba watoto," akasema, "Sista anasema shingo ya kizazi. Kule chini. Watoto wote niliokuzalia ulidhani walipitia kwenye kola?"

Hiyo ndiyo mara ya kwanza nilipomsikia Sista akicheka, na alicheka ameegemea ukuta. Mjomba aliona haya mpaka masikio yakaiva. Lakini alipoelewa kazi aliijua: akachukua lastiki ya kiunoni, pana, akaizungushia kitambaa cha bitana kwa mishono iliyolegea, na ikafunguka kidole kimoja, viwili, hadi mkono. Sista alifumba macho akapima kwa vidole. "Hapo," akasema. "Hapo hapo." Kola waliiacha ilivyo, na hadi leo ipo.

Wa tatu alikuwa fundi redio wa ng'ambo ya barabara, tuliyemwita Mawimbi, mtu mwembamba aliyeongea peke yake na waya. Aliletwa kwa sababu ya damu. Sista alitaka mwanasesere atoke damu baada ya kuzaa, kwa kuwa hicho ndicho kinachoua akina mama wengi, tena upesi. Mjomba akatengeneza mfuko wa maji yenye rangi nyekundu, mpira mwembamba, na koki. Kitanda kikawekewa pazia nyuma ya kichwa, na mjomba akakaa huko na koki mkono mmoja na kipampu mkono wa pili. Mwanafunzi akifanya sawa, mjomba anapampu tumbo likaze, anafunga koki, damu inakoma. Akikosea, inaendelea kutoka.

Siku ya jaribio la kwanza msichana mmoja alichanganyikiwa, akaanza kulia huku anapapasa tumbo kama anayetafuta funguo. Ghafla damu ikakoma. Msichana akashukuru Mungu kwa sauti.

Sista alikwenda nyuma ya pazia. "Kwa nini umefunga?"

"Mtoto alikuwa analia."

"Umemuua mama."

"Nimemsaidia mtoto, Sista. Nina mabinti."

"Umemsaidia hapa. Wodini nani atamfungia koki?"

Nilimwona mjomba jioni ile anakata sponji bila kupima, na hakuwa mtu wa kukata bila kupima. Usiku wa manane sijui aliwaza nini, lakini asubuhi alivuka barabara kwa Mawimbi. "Nitengenezee kitu cha kunizuia huruma," akamwambia.

Mawimbi akaongea na waya zake, akaleta taa mbili ndogo za kuwekwa nyuma ya pazia. Taa ya kijani iliwaka kibofu kikitolewa mkojo, kwa sababu Sista alieleza kwamba kibofu kikijaa mfuko wa uzazi haukazi, hata uusugue mpaka kesho. Kibofu kilikuwa kipande cha tyubu ya baiskeli kilichojazwa maji. Taa nyekundu iliwaka tumbo likisuguliwa mahali panapostahili. "Taa mbili, funga," Sista akasema. "Taa moja, acha itoke. Koki haiangalii uso wa mtu." Mjomba aliyarudia maneno hayo kama mtu anayekula kiapo.

Mkazamjomba naye hakuachwa nje. Mawimbi alikuwa ameweka spika ndogo kifuani mwa mwanasesere na kipaza sauti nyuma ya pazia, chenye kitufe: ukibonyeza unaongea, ukiachia kimya. Lakini nani aongee? Mjomba alijaribu kupiga kite, kuguna kama mwenye uchungu, ikawa kama mlango wenye kutu. Mkazamjomba akamnyang'anya. Tangu hapo mwanasesere akapata ulimi.

"Mwanangu, unanikanda mimi au unakanda unga?" alisema mwanasesere. "Mikono yako baridi kama chuma cha dirisha. Hujasema hata jina lako na umeshanifunua! Kwenu hamsalimiani?"

Wanafunzi waliruka. Sista alifurahi kuliko alivyofurahia kitu chochote, kwa sababu, alisema, mama anayezaa ana mdomo, na wasichana wake walikuwa wanasahau. Wanafunzi ndio waliompa jina: Mama Kochi.

Sasa niseme habari ya binamu yangu, binti mkubwa wa mjomba. Alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa mwisho katika chuo hicho hicho. Alikuwa na mikono mizuri na akili iliyokimbia mbele ya mikono. Akiwa na jambo la hatua nne, alianza na la tatu. Mama yake alikwisha mshonea nguo nyeupe ya kazi na kuitundika chumbani nyuma ya mlango, na kila jirani aliyeingia alionyeshwa. Sheria ya chuo ilikuwa wazi: anayeanguka mtihani wa vitendo hahitimu, anarudia mwaka, na nafasi yake ya kazi anapewa mwingine. Mwaka ule, kwa mara ya kwanza, mtihani wa vitendo ungefanywa kwa Mama Kochi.

Sista hakuwa mjinga. Alikwisha panga kwamba zamu ya binamu ikifika, mjomba atoke nje, Mawimbi ashike koki. Mkazamjomba naye angempisha mwanafunzi mwingine kwenye kipaza sauti. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia pia, kwa kuwa mkazamjomba hakuweza kusoma maandishi madogo ya karatasi ya mtihani, na kazi yangu ilikuwa kumnong'oneza hali ya mgonjwa: sasa una uchungu, sasa umezaa, sasa una kizunguzungu.

Lakini mtahini aliyetoka nje ya chuo, mzee wa suti mwenye kalamu nyingi mfukoni, hakutaka mpangilio wa mtu. Alichanganya namba za wanafunzi kwenye bahasha na kuita anavyochomoa. Mawimbi alikuwa ametoka kutafuta fyuzi. Mlango ukafunguka, na tukasikia sauti tunayoijua ikisema, "Habari za asubuhi, mama. Mimi ni mkunga wako leo."

Tulitazamana watatu. Mkazamjomba aliweka mkono kifuani. Mjomba aliangalia pazia kana kwamba anaweza kuona kupitia kitambaa. Kuondoka wakati huo ingekuwa ni kuuvunja mtihani, na mtihani ulikwisha anza.

Binamu alianza vizuri. Alisalimia, aliongea na mama, akampokea mtoto wa sponji, akamkausha. Kondo la nyuma likatoka. Halafu mjomba, kama ilivyoandikwa, akafungua koki.

Tulisikia maji yakigonga ndoo iliyokuwa chini ya kitanda. Binamu akaita msaada kwa sauti, kama inavyotakiwa. Akaweka mkono tumboni, akaanza kusugua. Taa nyekundu ikawaka mara moja, maana mikono yake ilijua mahali. Taa ya kijani ikabaki gizani. Alikuwa amesahau kibofu. Ameruka hatua, kama kawaida yake.

"Mama, usiogope," alikuwa anasema, na sauti yake ilianza kupanda. "Usiogope, itakoma sasa hivi." Alisugua kwa nguvu. Haikukoma. Maji yaligonga ndoo, kisha sauti ikabadilika, ikawa ya maji yanayoangukia maji.

Mkazamjomba alimshika mume wake begani. Hakutambua kwamba kidole cha mkono wake wa pili kilikuwa bado kwenye kitufe.

"Funga," akanong'ona. "Baba watoto, funga basi. Mtoto wako anafeli!"

Maneno hayo yakatoka kifuani mwa Mama Kochi, wazi kabisa, chumba kizima kikasikia. Na kabla sijamnyang'anya kipaza sauti, Mama Kochi akajijibu mwenyewe kwa sauti ya mwanamume:

"Taa moja, mama watoto."

Chumbani yalisikika maji. Maji tu. Nilichungulia pembeni mwa pazia. Binamu alikuwa amesimama na glavu zinazochuruzika, anatazama pazia. Alikuwa ameelewa ni nani aliyeshika koki na kwamba haifungwi. Hakutafuta tena kosa lake. Mikono ikamshuka.

Mtahini aliweka kalamu chini. "Huu ni udanganyifu," akasema. "Tokeni."

Mjomba akatoka. Alikuwa amelowa jasho shingoni. Sista alisimama kando ya dirisha, amenyooka, na uso wake sikuweza kuusoma.

"Huyu mwanafunzi ni nani wako?" mtahini akauliza.

"Mwanangu wa kumzaa."

"Na wewe ndiye unayeshika bomba la damu."

"Ndiyo. Angepaswa kushika mwingine. Mmechanganya namba." Mjomba akainama, akavuta ndoo kutoka chini ya kitanda. Ilikuwa imejaa hadi mdomoni. Kisha akampindua Mama Kochi ubavu, taratibu, kama anavyopinduliwa mgonjwa. "Kuna zipu hapa. Fungua, mzee wangu. Tazama kibofu kama kimetolewa kitu. Tazama na mfuko wa damu kama umebaki kitu."

Mtahini alifungua. Aliingiza mkono na suti yake, akabonyeza kile kipande cha tyubu, kikiwa kimejaa, kigumu. Akautazama mfuko wa damu uliokuwa umesinyaa.

"Basi hakusaidiwa," akasema mwishowe.

"Hakusaidiwa."

"Na amefeli."

"Amefeli," mjomba akasema.

Binamu alivua glavu, akaziweka kwenye chombo chake kama alivyofundishwa, akatoka bila kufunga mlango.

Watu wameniambia tangu wakati huo kwamba mjomba alikuwa na moyo wa jiwe. Mimi nilikuwa nimekaa hatua moja kutoka kwake. Nilimwona akiishika koki kwa mkono wa kulia na kuubana mkono huo huo kwa mkono wa kushoto. Mtu mwenye moyo wa jiwe hana haja ya kujishika. Leo mzazi akiwa na njia ya kumpitisha mwanawe anaitwa mzazi mwema, na akikataa anaulizwa kama kweli anampenda. Siwezi kukubali hesabu hiyo. Nyuma ya kila anayepitishwa kuna mtu amelala kitandani ambaye hakuulizwa.

Nyumba ilipoa. Binamu alihamia kwa shangazi yake, akawa anakwenda chuoni kurudia mwaka kutokea huko. Mkazamjomba hakumsemesha mume wake. Alimpikia, akampakulia, akamletea chai karakanani kama siku zote, akaiweka juu ya cherehani na kuondoka. Akitaka jambo alinituma mimi, nami nipo hapo hapo katikati yao. "Mwalimu, mwambie mjomba wako chumvi imekwisha." Mjomba naye: "Mwalimu, mwambie mkazamjomba nimesikia." Nguo nyeupe ilivalishwa plastiki ikabaki nyuma ya mlango, na jirani hakuonyeshwa tena. Mafundi wa mtaani walipata wimbo: mmoja akipita tu barabarani alipaza sauti, "Taa moja, mama watoto!" na wenzake wakacheka. Mjomba aligonga misumari yake.

Niliwahi kumuuliza kama anajuta. "Najuta sikumkumbusha tangu akiwa mdogo aende polepole," akasema. "Koki sijutii."

Sista na Mawimbi waliendelea kuja. Walimletea Mama Kochi kila alipochanika, na alichanika mara nyingi kwa sababu alitumika, tofauti na yule aliyefungiwa kabatini. Vyuo vingine vikaanza kutuma watu kuja kumtazama, na mjomba aliwapindulia na kuwafungulia zipu bila kuficha mshono. "Nendeni mkashone wenu," aliwaambia. Hakuwahi kufikiri kwamba ni siri.

Mwaka uliofuata binamu alifaulu, taa mbili, Mawimbi akiwa kwenye koki. Leo ni mwalimu katika chuo kile, na yeye ndiye anayekaa nyuma ya pazia. Mjomba ametutoka. Lakini si siku ya kufaulu inayonijia ninaposikia harufu ya gundi. Inanijia alasiri moja kabla ya hapo.

Mama Kochi alikuwa amelazwa kwenye meza ya kukatia, anasubiri ngozi ya paja. Mjomba alikuwa na misumari mdomoni. Binamu akaingia kutoka barabarani na mkoba wake wa chuo, bila salamu, akavua viatu mlangoni kama alivyofanya akiwa mtoto.

"Baba," akasema, "jaza maji."

Mjomba alijaza mfuko wa damu.

"Jaza na kibofu."

Akajaza na kibofu. Akakaa kwenye robota la sponji upande wa kichwa, akashika koki. Hapakuwa na pazia, wala taa, kwa kuwa taa zilikuwa kwa Mawimbi. Binamu alivaa glavu. Damu ikaanza kutoka, ikachuruzika kwenye sakafu ya saruji na kufuata ufa kuelekea mlangoni. Hakukimbilia tumbo. Alichukua mpira mwembamba wa mkojo, akauingiza, akasubiri. Tyubu ya baiskeli ikatoa maji yake yote. Ndipo alipoweka mkono juu ya tumbo na kuanza kusugua kwa mzunguko, polepole, anahesabu pumzi.

Mkazamjomba alikuwa ameingia na chai. Alisimama na kikombe mkononi.

Mjomba akapampu. Tumbo likakaza. Akafunga koki.

Binamu aliinua uso, amekunja ndita.

"Umefunga mapema," akasema.

"Sijafunga mapema. Limekaza."

"Halijakaza vya kutosha, nalisikia hapa. Umenionea huruma. Fungua, turudie tangu mwanzo."

Mjomba alifungua mdomo ili ajibu, na misumari yote ikamwagika sakafuni, ndani ya maji mekundu. Sijawahi kuona jambo hilo kabla wala baada. Hakuiokota. Alibaki anamtazama binti yake, mdomo wazi, macho yamemjaa maji.

Mkazamjomba aliweka kikombe juu ya cherehani. Akapinda magoti, akaanza kukusanya misumari mmoja mmoja kwenye kiganja.

"Baba watoto," akasema, bila kunipitia mimi, "fungua koki. Hujasikia mkunga amesemaje?"